Vipande vya makumbi kwa okidi: nimevitumia mwaka mzima, nyota nne

Okidi yangu ya kwanza, ua jeupe la aina ya Phalaenopsis, niliiua kwa maji. Ilitoka dukani ikiwa imeshindiliwa majani makavu laini kama sifongo, nami nikaimwagilia kila asubuhi kama mchicha. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa uji wa kahawia. Iliniuma sana. Mmea huu kwao, kwenye misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, hukaa juu ya miti. Mvua ikiuosha, upepo unaukausha.

Ya pili nimeipanda kwenye vipande vya makumbi ya nazi. Navinunua kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara hapa Tanga, kiroba kidogo shilingi 6,000. Anavikata kwa panga, vingi saizi ya kiberiti, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: maji yanapita, unyevu kidogo unabaki, na hewa inaifikia mizizi.

Kiroba cha kwanza nilikitumia vilevile kilivyokuja. Baada ya wiki chache ncha za mizizi zikawa nyeusi, na ukingo wa chungu ukaota ukoko mweupe. Nikaloweka konzi moja iliyobaki, nikaonja maji kwa ncha ya ulimi. Chumvi! Nikarudi kumuuliza.

"Mwanangu, makumbi haya unayatoa wapi?"

"Kwa wasokota kamba, mama. Ni yale yanayobaki."

Basi nikaelewa. Sisi wa pwani tunajua makumbi ya kamba hufukiwa ufukweni, bahari iyalainishe ndipo yatwangwe kupata usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba. Bahari inayomsaidia msokota kamba huacha chumvi inayounguza okidi. Kijana hakuwa na nia mbaya, ila mnunuzi anastahili kuambiwa, na nyota moja nimeipunguza kwa hilo.

Sasa naloweka siku tatu kwenye ndoo, maji nabadilisha asubuhi na jioni, na ya mwisho huwa ya mvua. Nikionja nisipate chumvi, napanda. Chungu changu ni chupa ya maji ya lita 5 niliyoikata nusu na kuitoboa kwa msumari wa moto, ili niione mizizi: ikiwa kijani imeshiba, ikigeuka rangi ya fedha ina kiu. Kwa joto letu, kiu hiyo huja kila siku ya tatu au ya nne. Kipupwe kilipoingia mwezi Juni ikatoa kikonyo, kikazaa maua 9, na la mwisho lilidondoka baada ya zaidi ya miezi miwili.

Chekecha kwanza, maana chini ya kiroba kuna vumbi jingi la usumba linaloziba matundu. Na kama una Ansellia, ile okidi yetu ya maua ya njano yenye madoa ya chui, usiitie humu. Yangu niliiokota Pangani, shambani kwetu, ikiwa imeshikilia tawi la mwembe lililoangushwa na upepo. Nilipoijaribu kwenye makumbi ikaanza kuoza shina. Nimeirudisha kwenye tawi lake, nikaifunga kwa kamba, nayo imechipua mizizi mipya iliyosimama wima kama sindano.

Kiroba cha tatu nimeshaagiza. Nimemwomba anitengee makumbi ambayo hayajafika ufukweni, hata akiongeza bei.