Miezi saba na programu ya mazungumzo ya waandishi na wataalamu: uzoefu wangu

Nilijisajili kwa sababu ya kukosa usingizi. Kila usiku nilikuwa naperuzi simu mpaka macho yanawasha, nikaona bora nisikilize watu wanaojua wanachokisema. Huduma yenyewe ni nyepesi kuielewa: mwandishi mmoja, mtaalamu mmoja, swali moja, dakika 40 na ushee. Je, mgonjwa aambiwe ukweli wote? Picha ya mtoto uliyoitupa mtandaoni ni ya nani akishakua?

Wiki mbili za mwanzo nusura nijitoe. Lile fumbo la mwanafalsafa Philippa Foot la mwaka 1967, la tramu isiyozuilika na dereva anayepaswa kuchagua kugonga watu watano au mmoja, nimelisikia mara nne. Jamani, mimi si dereva wa tramu. Mtihani wangu ni ndugu anayekopa kila mwezi na halipi. Kipindi juu ya mwanafalsafa Peter Singer angalau kilinichoma. Yeye mwaka 1972 aliuliza: kama ungeingia majini kumwokoa mtoto anayezama, hata nguo ziharibike, mbona aliye mbali unamwacha? Mwandishi akadakia, "Niingie majini mara ngapi?" Mtaalamu kimya. Kimya kile kilinifaa kuliko jibu.

Kilichonibakisha ni kipindi kuhusu kufa. Daktari alisimulia habari za Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's, London, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa. Mama huyo alishikilia kwamba maumivu ya anayekufa hayako mwilini tu. Yamo pia moyoni, rohoni na katika familia yake. Kwa hiyo, akasema daktari, usikimbilie kumuuliza mgonjwa anataka tiba gani. Muulize anaogopa nini.

Nilikuwa naosha vyombo. Nikasimama na sufuria mkononi, povu likinitiririka hadi kwenye kiwiko. Mama yangu anaumwa mwaka wa pili sasa, na swali hilo sijawahi kumuuliza. Kesho yake nikampigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kufa siogopi, mwanangu. Naogopa mnavyonijadili nikiwa nimekaa hapo hapo." Kumbe mara ya mwisho kwa daktari nilifanya hivyo hivyo.

Sasa kero. Katikati ya kipindi hicho hicho, daktari akielezea pumzi za mwisho, likaingia tangazo la magodoro kwa sauti ya sherehe. Nililipia ili nisisikie matangazo! Kitafutio nacho ni kibovu, ukiandika "uzazi" unaletewa siasa. Halafu kuna kichekesho: wana kipindi kizuri juu ya mbunifu wa programu Aza Raskin, aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza kila ukiuteremsha, na baadaye akajutia, ila programu yao ikimaliza kipindi inaanzisha kingine bila kukuuliza. Kizimio kipo, kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio.

Nimelipia tena. Ukijiunga, ruka vya falsafa, anza na vya wauguzaji na vya wazee. Mama naye alitaka kusikia kile cha kufa, lakini huwezi kumtumia mtu asiyejisajili, ikabidi niweke simu mbili pua kwa pua. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniagiza: "Mwambie huyo mwandishi aache kumkatiza daktari."