Kununua tovuti kwa mwenyewe bila dalali: nilichopata kwa laki saba na nusu

Nianze na bei, maana kila anayesikia habari hii huuliza hiyo kwanza. Laki saba na nusu. Kwa hela hiyo nimenunua tovuti ya Kiswahili yenye mifano ya barua na mikataba kutoka kwa kijana wa Lindi aliyeianzisha akiwa chuo, akapata ajira, akaitelekeza. Sikupita kwa dalali wala soko la mtandaoni. Nilimtafuta mwenyewe, tukapatana, tukaandikishiana. Njia hii naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na nusu nyingine ningeiongeza kama si mtu mmoja ambaye nitamfikia huko mbele.

Mimi nina steshenari hapa Chikongola, Mtwara mjini. Kuchapa, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti, wakala wa pesa kwenye kona. Mnada wa korosho ukishafunguliwa na hela zikaanza kushuka kwenye akaunti za wakulima, watu wa Nanyamba na Tandahimba wananunua viwanja, pikipiki, mabati, na kila ununuzi unataka karatasi. Hati ya mauziano. Mkataba wa kupangisha fremu. Miezi mingine ni barua za maombi ya kazi na barua za kuomba uhamisho. Binti anayenisaidia kuchapa alikuwa anafungua tovuti ileile kila siku kuchukua mfano, anabadilisha majina, anachapa. Ndiyo niliyoinunua. Sikuifuata kwa sababu mtu wa YouTube kaniambia kuna utajiri. Niliifuata kwa sababu najua nani anaitafuta, saa ngapi, na akiwa na shida gani.

Dalili za kwamba inauzwa chini ya thamani yake zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Chini ya ukurasa imeandikwa mwaka 2021 na haijaguswa tangu hapo. Haina tangazo hata moja. Fomu ya mawasiliano ukibonyeza haiendi popote. Ukurasa unafunguka polepole mpaka mteja anaanza kuchungulia dirishani. Lakini ukiandika Google "mfano wa hati ya mauziano ya kiwanja", inatokea juu. Mtu aliyejenga kitu kikapanda juu hivyo halafu akakiacha bila tangazo hajui alichonacho, au anajua ila amechoka.

Ili nisitaje bei kwa kubahatisha, nilikaa jioni kadhaa napitia Flippa, soko la kuuziana tovuti lililoanzishwa Melbourne, Australia, mwaka 2009. Kuangalia ni bure na mnunuzi yeyote angepaswa kupita pale kwanza, hata kama hana nia ya kununulia hapo. Kwa kawaida tovuti hupigiwa hesabu kwa faida ya mwezi mara idadi fulani ya miezi, mara nyingi kati ya ishirini na arobaini. Inayoingiza elfu hamsini kwa mwezi mwenyewe anaweza kutaka milioni moja hadi mbili. Sasa isiyoingiza kitu kwa sababu mwenyewe hajaweka tangazo, unaizidisha mara ngapi? Hapo ndipo unafuu wa kununua kwa mwenyewe ulipo, na hapo ndipo pia dhambi inapojificha. Nitaeleza.

Kumpata mwenyewe si kazi ndogo. Zamani ungeangalia kwenye kumbukumbu za WHOIS ukaona jina na namba ya aliyesajili domeini, yaani jina la anwani ya tovuti. Tangu sheria ya faragha ya Ulaya ianze kutumika Mei 2018, majina mengi yamefichwa. Nilimpata kupitia ukurasa wa Facebook wa hiyo tovuti, nao ulikuwa umelala. Nilimwandikia mistari mitatu tu: mimi nani, natumia mifano yake dukani, kama anauza naomba tuongee. Alijibu usiku.

"Shikamoo dada. Ile kitu niliishaiacha mbona. Unataka kuifanyia nini?"

Nilipenda swali hilo. Muuzaji anayeuliza hivyo hajakutengenezea picha za uongo za mapato.

Nikapanda basi la asubuhi mpaka Lindi. Watu wataniambia hayo yote yanafanyika kwa simu. Hapana. Picha ya skrini mtu yeyote anatengeneza. Dukani kwangu natengenezewa risiti za muamala za bandia na watoto wa sekondari. Nilitaka aingie kwenye akaunti yake mbele yangu, kwa mkono wake, nami nashika kipanya. Tulikaa kwenye duka la kaka yake la vipuri. Akafungua Search Console, ambayo ndiyo Google inakuonyesha watu wametafuta maneno gani wakafika kwako. Inatunza kumbukumbu za miezi kumi na sita, na wauzaji wengi hukuonyesha miezi mitatu iliyo mizuri. Nikaivuta yote.

Mchoro ule nausoma mpaka leo kichwani. Kulikuwa na mteremko kuanzia Machi 2024. Hiyo naijua: tarehe 5 Machi mwaka ule Google ilitangaza mabadiliko makubwa ya namna inavyopanga matokeo, na tovuti nyingi ndogo duniani ziliumia. Hii ilishuka kidogo, ikasimama, haikuporomoka. Vizuri. Halafu katikati ya Mei pana shimo kama jino lililong'oka. Kijana akaanza kujitetea, eti labda seva ilizima. Nikamwambia tulia, hiyo ni tarehe 12 Mei, siku nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Hata uwakala wangu ulisuasua. Shimo lile lilinifurahisha kuliko kilima chochote. Watembeleaji wa bandia, wale wanaonunuliwa, hawakatikiwi na waya wa Seacom. Wanaosoma tovuti ile ni watu wa huku kwetu kweli.

Mengine nilikuwa nimeyapima nyumbani. Kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani, nilihakikisha domeini haikuwahi kuwa ya kamari au ya picha chafu kabla yake. Nikachukua sentensi moja moja kutoka kwenye mifano yake, nikaziweka ndani ya alama za kunukuu Google. Mbili zilionekana kunakiliwa kutoka kwingine, zilizobaki ni zake, na wengine ndio walioiba kwake.

Sasa ile dhambi. Huku Mtwara na Lindi tunajua kangomba. Mtu anapita kijijini korosho ikiwa bado juu ya mti na mkulima hana hela ya salfa wala ya ada, anamlipa kidogo, msimu ukifika anabeba mzigo. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wengi wa kangomba walibanwa waeleze mashamba yao yako wapi. Kumwendea kijana ambaye hajui tovuti yake ina thamani, ukamrushia laki mbili, hakuna tofauti. Rafiki yangu mmoja alinishauri vibaya zaidi: domeini inakaribia kuisha muda, subiri isilipiwe, uidake bure. Kwanza si bure wala si rahisi, kwa sababu domeini ya .com ikiisha muda hupitia kipindi cha mwenyewe kuikomboa kwa gharama kubwa, kisha ikiachiwa kuna makampuni yenye programu za kuidaka kwa sekunde. Pili, mimi namjua kaka yake.

Kwa hiyo nilimwonyesha Flippa kwenye simu yangu, nikamweleza hesabu ya miezi, nikamwambia ukiweka matangazo wewe mwenyewe ukasubiri mwaka, utauza zaidi ya hivi. Akafikiri, akasema hana muda, anataka kumalizia bati la mama yake. Alianzia milioni moja, tukashukia laki saba na nusu, na asilimia ya matangazo ya miezi sita ya kwanza ni yake. Ninaposema tovuti inauzwa chini ya thamani yake namaanisha hiyo: mwenyewe anajua, na bado anauza.

Tukaandika mkataba. Mfano tuliutoa palepale kwenye tovuti yenyewe, ule wa kiwanja. Mahali pa mipaka ya kaskazini na kusini tukaweka jina la domeini, faili zote, ukurasa wa Facebook na paswedi zake. Wakili alicheka, lakini aligonga muhuri. Kwa mauzo ya mbali, na mtu usiyemjua, ningetumia Escrow.com au huduma kama hiyo, inayoshika hela mpaka mnunuzi athibitishe amepokea. Sisi tulilipana nusu kwa nusu: nusu siku ya kusaini, nusu domeini ikishahamia kwangu.

Na hapa ndipo nusu nyota ilipopotelea. Domeini haikuwa ya kijana. Ilikuwa kwenye akaunti ya fundi wa Dar aliyemtengenezea, kwa barua pepe ya fundi. Fundi alipojua kuna hela inatembea, ghafla naye akawa na hisa. Simu hazipokelewi, ujumbe unasomwa haujibiwi, halafu anaibuka na "gharama ya kuhamisha." Kuhamisha domeini kutoka akaunti moja kwenda nyingine ndani ya msajili uleule, yaani kampuni inayosajili domeini, ni kubonyeza tu. Kupeleka kwa msajili mwingine kunahitaji msimbo ambao mwenye akaunti anaupata mwenyewe, na ikishahama, kwa kawaida inafungwa siku sitini kabla ya kuhama tena. Tulimaliza kwa elfu sitini, iliyotoka kwenye nusu ya pili ya muuzaji, kwa ridhaa yake. Ingekuwa nimelipa zote mwanzoni, ningekuwa bado natuma ujumbe Dar.

Mapato? Akaunti ya AdSense, ile ya Google ya kukulipa kwa matangazo, haihamishwi na tovuti. Unaomba kwa jina lako. Salio likifika dola 10 wanakutumia PIN kwa barua ya posta, karatasi kweli, na hela haitoki mpaka ufike dola 100. Kwa wasomaji wa Kiswahili wanaofungua kwa simu, senti zinajikusanya taratibu. Mimi sijawahi kufikisha dola 100 ndani ya mwezi mmoja. Kinacholipa ni kitufe cha WhatsApp nilichoweka chini ya kila mfano: "Tukuandikie?" Mtu wa Songea au Kahama anatuma majina na namba za kitambulisho, analipa kwa M-Pesa, binti anachapa, anamrudishia faili. Kazi hiyo inazidi matangazo mara kadhaa, na isingewezekana kwa mtu asiye na steshenari. Anayetaka hela iingie amelala, asinunue tovuti ya aina hii.

Tovuti ya habari pia sikushauri, mpaka uwe umewauliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni chini ya kanuni za maudhui mtandaoni za 2020 na marekebisho yake.

Wiki hii kuna mwalimu wa Masasi anauza yake ya kilimo cha ufuta. Watembeleaji wapo, maandishi ni yake, bei ni ya kiungwana. Nimemuuliza domeini iko kwa nani, akasema iko kwa fundi. Nimemwambia, mwalimu, ichukue kwanza, ndipo nitapanda basi.