Toyota GR86 kwenye theluji ya Montreal: gari linafaa, matairi ya kiwandani hayafai

Ukitaja gari la spoti linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, halafu ukataja majira ya baridi ya Quebec, jibu la kwanza huwa lile lile: lifunike hadi Aprili. Kwa Toyota GR86 jibu hilo si sahihi. GR86 iliyovaa matairi manne ya theluji, mapya na ya kipimo sahihi, inasimama na kukata kona vizuri kuliko gari la juu linalosukumwa na magurudumu manne lakini limevaa matairi ya misimu yote yaliyoanza kuisha kashata (michongo ya mpira inayoshika barabara). Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya mpira unaogusa barabara, na mpira huo haujui ni magurudumu mangapi yanasukumwa.

Udhaifu wa kweli wa gari hili uko sehemu mbili, matairi linalotoka nayo kiwandani na kimo chake kutoka ardhini.

Tuanze na matairi, maana hapo ndipo pesa inapokwenda. Toleo la Premium linakuja na Michelin Pilot Sport 4 za 215/40R18 (upana wa milimita 215, ukuta wa asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18). Toleo la kawaida lina Michelin Primacy HP za 215/45R17. Yote mawili ni matairi ya kiangazi. Mpira wa namna hiyo huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, yaani hata kabla theluji haijaanguka, na baridi ikizidi kama nyuzi 7 chini ya sifuri, kashata zinaweza kupasuka ukiliendesha gari, au hata ukilisukuma tu kulihamisha. Kwa hiyo ukiyavua, usiyaache barazani. Yaweke ndani.

Sheria ya Quebec inataka matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, nayo yawe na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi. Ontario hakuna lazima, ila kampuni za bima zinatakiwa kumpunguzia bei anayeyafunga. Kiwango cha chini cha kashata kisheria ni milimita 1.6, lakini tairi la theluji likifika milimita 4.8 limeshapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Hapo badilisha. Kwenye gari la kusukuma nyuma, hizo milimita chache ndizo zinazoamua kama utatoka kwenye maegesho au utabaki unazungusha magurudumu.

Ushauri wetu ni kununua seti ya pili ya rimu za inchi 17, hata kama gari lako lilikuja na za 18. Tairi lenye ukuta mrefu huvumilia mashimo ya Machi, na Montreal ina mashimo. Rimu iwe na matundu 5x100 (matano kwenye duara la milimita 100), tundu la katikati milimita 56.1, upana wa inchi 7 hadi 7.5 na ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu) ya karibu milimita 48. Nati ni za M12x1.25. Tundu la katikati likiwa kubwa zaidi, nunua ringi za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka na utadhani balansi ndiyo mbovu. Aliye na kifurushi cha breki za Brembo apime kwanza, kwa sababu si kila rimu ya inchi 17 inapita juu ya kalipa (vishikio vya breki) zake.

Kipimo cha kawaida ni 215/45R17. Kilicho bora zaidi, kwa maoni yetu, ni 205/50R17: ni chembamba kidogo, hivyo kinakata theluji na kufika chini badala ya kupanda juu yake, na kinainua gari kama milimita 6. Spidomita itasoma pungufu kwa takriban asilimia 2, yaani ikionyesha 100 unakwenda 102. Matairi yafungwe yote manne. Ukifunga mawili ya nyuma tu, gari litaondoka vizuri na kukataa kukata kona. Ukifunga ya mbele tu, breki ya kwanza ya nguvu itakugeuza uangalie ulikotoka.

Wakati wa kufunga, sugua kutu kwenye uso wa habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) kwa brashi ya waya. Chumvi ya barabarani hugandisha rimu kwenye habu kiasi kwamba Aprili haitoki bila nyundo ya mpira. Paka grisi ya shaba kidogo sana kwenye uso wa habu, lakini isiguse boliti, maana boliti yenye grisi hukazwa kupita kiasi bila fundi kujua. Kaza kwa mtindo wa nyota hadi Nm 120 (kipimo cha nguvu ya kukaza au kuzungusha), kisha rudia kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo nao unasahaulika. Kila joto likishuka nyuzi 5 hadi 6, tairi hupoteza karibu psi 1 (kipimo cha shinikizo la upepo). Ukijaza gereji penye nyuzi 15 halafu gari likalala nje kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi una upungufu wa psi 6. Fuata kibandiko cha mlangoni, na pima tairi likiwa limelala nje usiku kucha.

Sasa barabarani. Injini ya lita 2.4 inatoa nguvu-mzunguko yake ya juu, Nm 249, kwenye mizunguko 3,700 tu. Injini ya lita 2.0 ya kizazi kilichotangulia ilitaka zaidi ya 6,000. Jambo hilo ni raha wakati wa kiangazi, lakini kwenye theluji maana yake ni kwamba gari jipya linahitaji mguu mwepesi kuliko lile la zamani. Kwenye barafu ondoka na gia ya pili, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,500, na uachie klachi polepole hadi mwisho kabla ya kuongeza mafuta. Magurudumu yakizunguka bure, punguza. Kuongeza kunayeyusha theluji chini ya tairi, inaganda tena kuwa kioo, na hapo umejichimbia.

Kosa linalowatupa wengi kwenye ukingo wa barabara halitokani na mafuta bali na gia. Unakaribia makutano kwa kilomita 40 kwa saa, unashusha hadi gia ya pili na kuachia klachi ghafla. Injini inayavuta magurudumu ya nyuma yaende polepole kuliko gari lenyewe, yanateleza, na mkia unatoka ingawa hujagusa breki kabisa. Dawa yake ni kupandisha injini kidogo kwa mafuta kabla ya kuachia klachi, au kuacha kushusha gia kabisa na kutumia breki peke yake. ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) itapiga mguu wako kama nyundo ndogo. Usiuinue, endelea kukanyaga.

Mkia ukishatoka, angalia unakotaka kwenda, geuza usukani upande ule mkia unakokwenda, punguza mafuta taratibu au kanyaga klachi, kisha rudisha usukani mapema. Hatua hii ya mwisho ndiyo ngumu: wengi husahihisha vizuri, kisha wanachelewa kurudisha, na gari linarusha mkia upande wa pili kwa nguvu zaidi. Hapa inafaa kujua kwamba GR86 na ndugu yake Subaru BRZ hazifanani kabisa chini. Springi za nyuma za GR86 ni ngumu zaidi na za mbele ni laini kidogo, hivyo mkia wake ni mwepesi kuchezacheza. Mtu anayenunua hasa kwa ajili ya baridi atakuta BRZ imetulia zaidi. Tofauti si kubwa, lakini ipo, na barafu inaionyesha wazi.

Mfumo wa kuzuia utelezi acha umewashwa barabarani. Unazimwa mahali pamoja tu, ukiwa umekwama. Kwenye theluji nzito mfumo unakata nguvu kila gurudumu linapoanza kuteleza, matokeo yake gari halizungushi chochote. Bonyeza kitufe kuzima udhibiti wa utelezi, nyoosha usukani, kisha bembeza gari kwa gia ya kwanza na rivasi mpaka litoke. Difu ya Torsen (kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma) inayokuja na kila GR86 inasaidia sana hapa, ila ina kikomo chake: gurudumu moja likiwa halina mshiko kabisa, hata la pili halipati nguvu. Kwa kuwa gari hili bado lina handibreki ya kuvuta kwa mkono, ivute kidogo, kama meno mawili, huku ukiongeza mafuta taratibu. Gurudumu linalozunguka bure linapata kizuizi, na difu inapeleka nguvu upande wenye mshiko. Ukishatoka, iachie na uwashe mfumo tena. Mwenye giaboksi ya otomatiki ana hali ya theluji inayotuliza mwitikio wa mafuta, nayo inafanya kazi vizuri.

Mifuko ya mchanga ndani ya buti hatuipendekezi. Gari limegawa uzito karibu asilimia 53 mbele na 47 nyuma, si pikapu tupu. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli unafanya mkia ukitoka uwe mgumu kurudi. Badala yake endesha na tanki lililojaa zaidi ya nusu. Lita 50 za petroli ni karibu kilo 37, na tanki liko chini ya viti vya nyuma, mbele ya ekseli, mahali panapofaa.

Kuhusu kimo hakuna tairi la kukuokoa. Kutoka ardhini hadi tumboni ni milimita 130. Theluji laini ya sentimita 10 gari linapita bila shida. Ikifika 15, bampa linageuka jembe, theluji inajibana chini ya injini, na magurudumu yanaanza kuinuliwa. Hatari kubwa zaidi mjini ni ule ukuta ambao greda linauacha ubavuni mwa gari lililopaki. Ukiganda usiku mmoja unakuwa mgumu kama tofali, na ukijaribu kuupita kwa nguvu unang'oa plastiki za chini. Chimba kwa koleo hadi lami ionekane, mbele ya magurudumu yote manne. Na theluji ikijaa ndani ya rimu, gari linatetemeka ukipita kilomita 80 kwa saa. Si balansi, ing'oe tu kwa mkono.

Milango ya GR86 haina fremu juu ya kioo. Ukivuta kitasa, kioo hushuka kidogo kwanza ili kitoke kwenye mpira, na ukifunga kinapanda. Mvua ikigeuka barafu usiku, kioo kinashikwa na hakishuki, na kuvuta mlango kwa nguvu kunachana mpira au kuharibu mtambo wa kioo. Paka mpira mafuta ya silikoni mwezi wa Novemba. Asubuhi ikikukuta kimeganda, gonga ukingo wa kioo kwa kiganja kuvunja barafu kabla ya kuvuta kitasa. Maji ya moto usiyakaribishe, kioo kitapasuka. Handibreki nayo usiiache juu usiku wa baridi kali, hasa baada ya kuosha gari. Weka gia ya kwanza.

Chumvi ioshwe chini ya gari kila joto linapopanda karibu na sifuri, ukilenga matao ya nyuma na mikono ya ekseli ya nyuma. Dawa ya kuzuia kutu ipakwe kabla ya theluji ya kwanza, gari likiwa kavu kabisa.

Kwa anayeishi Montreal, Laval au Ottawa, kwenye barabara zinazoparuliwa mapema, GR86 ya toleo la kawaida pamoja na seti ya 205/50R17 ni chaguo zuri la mwaka mzima. Premium ni nzuri pia, ila utalipia rimu za 18 zitakazolala ndani miezi mitano. Anayeishi mashambani Laurentides, eneo la milima kaskazini mwa Montreal, kwenye njia ya kokoto ambayo greda linafika saa nne asubuhi, atafute gari lililoinuka.