Kupamba chungu: jani halisi au ncha ya kijiti?

Jani la muhogo, ukilikandamiza upande wenye mishipa juu ya udongo ungali mbichi, linaacha alama ya hata ule mshipa mwembamba kama uzi. Hata likibaki limenasa, litateketea chungu kikichomwa. Ila weka kiganja kwa ndani, la sivyo ukuta unabonyea.

Kuchora kwa kijiti kunataka subira: udongo uwe umekauka nusu, mgumu kiasi lakini bado una ubaridi mkononi. Ukiwahi, mstari unavimba kingo, ukichelewa, unameguka. Kwa anayeanza, jani ni rahisi zaidi. Lakini mimi nachagua kijiti, kwa kuwa jani haliwezi kunipa mtama unaoinamishwa na upepo, wala kanga na vifaranga vyake wakivuka shamba.