Mtambo wa simu wa ofisi, mwaka wa sita: taa ya kijani iliyonidanganya

Mtambo wenyewe ni wa kufunga ukutani: laini 4 za nje, namba 24 za ndani kwenye kadi tatu za namba 8 kila moja. Miaka mitano ya kwanza nilisahau hata kama upo. Wa sita ukaanza kukata simu, zote kwa mpigo. Kimya dakika tatu hivi, kisha unarudi kama si wenyewe.

Huduma kwa wateja ya waliotuuzia waliniuliza swali moja tu: taa ya kijani ya pawa saplai (kifaa kinachoupa mtambo umeme) inawaka? Inawaka. Basi umeme uko sawa, wakasema, tatizo ni programu. Nikaweka toleo jipya, nikaurudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, nikakesha nikiingiza namba zote upya. Kesho yake saa nne asubuhi ukazima tena. Kwa ushauri huo peke yake nawakata nyota nzima.

Aliyenishtua ni dada wa mapokezi. "Kaka, mbona unakata pale tu simu ya nje inapoita kwenye meza zote?" Kweli. Simu ya kawaida ikiwa imetulia haili karibu chochote, lakini kuliza kengele kunahitaji umeme wa kupishana wa volti 70 na zaidi. Kuliza simu nyingi pamoja ndio mzigo mkubwa kuliko yote mtambo unaoupata.

Nikachukua multimita, kile kipimo cha umeme. Mtambo ukiwa umetulia, njia ya volti 5 inayotoka kwenye pawa saplai ilisoma 5.02 na ya volti 48 ikasoma 48.3. Ungepima hapo ukaishia hapo, ungeapa ni mzima. Nikaiweka multimita ishike kipimo cha chini kabisa, nikaomba wenzangu wapige namba ya kundi, ile inayoliza simu zote pamoja. Kabla mtambo haujajizima, ile ya 5 ilishuka hadi 4.5. Prosesa ya volti 5, ubongo wa mtambo, haivumilii hapo, inajiwasha upya.

Bado ingeweza kuwa kadi yenye shoti inayovuta kupita kiasi. Nikazima, nikatoa zote tatu, nikawa narudisha moja moja, kila mara nikizima kwanza. Kadi yoyote peke yake, sawa. Mbili zozote, sawa. Tatu, chini. Kadi mbovu ingeharibu mambo kila ilipoingia, hata ikiwa peke yake, kwa hiyo lawama ikabaki kwa pawa saplai.

Nilichomoa waya ukutani na betri za akiba pia, nikaiacha muda kabla ya kufungua, maana kapasita kubwa za upande wa umeme wa ukutani hubaki na chaji ya kukurusha. Ndani, feni imezibwa na vumbi mpaka haizunguki, na kapasita mbili zilizo karibu na bati la kupoozea joto zimevimba vichwa, dalili kwamba zimeharibika. Nilinunua pawa saplai nzima nyingine badala ya kubadilisha kapasita, na hapo ndipo penye uchungu: plagi yake ni ya kampuni iliyotengeneza mtambo tu, huwezi kufunga ya mwingine. Nilisubiri siku tisa.

Betri nazo zilikuwa na hadithi yao. Nne za volti 12, zimeunganishwa mfululizo, zikasoma 51 bila mzigo. Nilipokata umeme zikabeba mtambo dakika nne tu. Zilikuwa zile zile zilizokuja nao, na betri za asidi na risasi za namna hii kwa kawaida huchoka kati ya miaka mitatu na mitano.

Cha kusifu kipo. Sehemu za kupimia kwenye bodi zimeandikwa volti zake wazi, la sivyo ningekuwa bado nahangaika, na tangu nibadilishe haujakata hata mara moja. Nyota tatu. Ningeongeza ya nne, ila feni ya hiyo pawa saplai mpya imeshaanza kukoroma.