Honda XR250R ya mchangani yapata namba: uzoefu wangu na seti ya taa, fundi na karatasi hapa Malindi

Pikipiki yenyewe ni Honda XR250R ya 1998. Anayeijua ataanza kucheka hapo hapo: haina stata, haina betri, ni kiki tu, na haikutengenezwa kwa ajili ya lami. Niliinunua kwa mzee mmoja Mwitaliano aliyekaa Malindi hadi Kiswahili chake kikawa cha mtaa wa Shella kabisa. Alikuwa akiichezea mchangani upande wa Mambrui, na alipouza nyumba arudi kwao akanambia, "Mwanangu, lete laki moja na themanini, helmeti nakupa bure." Helmeti ilikuwa imeliwa na panya kwa ndani. Pikipiki ilikuwa nzima.

Kazi yangu iko Marafa siku tatu kwa wiki. Kutoka mjini unashika lami ya Lamu, unavuka daraja la Sabaki, ukifika Mambrui unaacha lami unaingia vumbi. Pikipiki za kawaida za boda zinafika huko kila siku, sikatai, lakini kiuno changu kilikuwa kimeshasusa. Nikataka chombo kimoja cha njia zote mbili, tena chenye namba, bima na logibuku, nisiwe mtu wa kukata vichochoroni kila nionapo polisi.

Seti ya taa niliiagiza mtandaoni kutoka Nairobi, 7,800 pamoja na kuletewa. Sanduku halina jina la kiwanda, limeandikwa tu kwamba vitu vyake vinaingia pikipiki zote, na hapo ningepaswa kushtuka mapema. Ndani mna taa ya mbele iliyojengwa kwenye barakoa ya plastiki, taa ya nyuma yenye kishikio cha namba, indiketa nne za LED, swichi ya mkono wa kushoto, honi, rilei ya kumwesha indiketa, vioo viwili vya pembeni, na swichi mbili za breki za aina ya bolti, zile zinazokaa pale mpira wa mafuta ya breki unapoingilia. Hizo swichi mbili ndizo zilizonifurahisha. XR yangu ilikuwa na ka-taa ka nyuma kanakowaka tu. Ukifunga breki hakasemi kitu. Swichi ya bolti inasikia msukumo wa mafuta yenyewe, huna haja ya kutoboa wala kuchomelea. Mbele na nyuma zote ni diski, kwa hiyo ziliingia sawa. Ila ukishafungua bolti ile, hewa imeingia, na lazima breki zitolewe hewa upya. Karatasi ya maelezo haikulisema hilo. Mtu akifunga mwenyewe nyumbani na kuondoka, atajua kwenye mteremko wa kwanza.

Vioo ni takataka. Ukipita 70 vinajigeuza taratibu hadi unajiona kidevu chako mwenyewe. Nilivitoa wiki ya pili, nikanunua vya boda vya kawaida pale mjini kwa 600, na hadi leo havijasogea.

Taa ya mbele ina kisa chake. Mwanga unatosha, lakini kioo chake kimechongwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Taa ya namna hiyo, ukiiwasha chini, mwanga hupanda upande wa kulia ili kumulika ukingo wa barabara yao. Sisi twaendesha kushoto. Maana yake upande unaopanda ndio upande wa matatu inayokuja mbele yako. Usiku wa kwanza nilidhani madereva wa barabara ya Lamu wana ugomvi nami, kila mtu ananimweshea taa. Taa ya nchi zinazoendesha kushoto peke yake, ikiwa imeidhinishwa kwa kanuni za Ulaya, huwa na mshale mdogo kwenye kioo, unaoelekea kulia kwako ukisimama mbele yake ukiitazama. Yangu haikuwa na mshale, na ile herufi E ya duara ambayo huonyesha nchi iliyoidhinisha ilikuwa haina tarakimu yoyote ubavuni. Ingekuwa E3 ningejua ni Italia, E11 Uingereza. E tupu ni pambo. Nikabadilisha kioo chote. Hiyo ni 2,400 nyingine ambayo mwenye duka hakuihesabu.

Sasa fundi. Banda lake liko Maweni, chini ya mwarobaini, na kazi yake ya kila siku ni umeme wa tuktuk. Ni mtu mzima kuliko mimi, namwita ami. Nilimpelekea pikipiki na lile sanduku nikamwambia, "Ami, nifungie hizi, nadhani ni kazi ya saa mbili." Akaitazama XR, akaangalia chini ya kiti, akauliza betri iko wapi. Nikamwambia haina. Akaniuliza tena kana kwamba sikusikia.

Nilichojifunza siku ile hakimo katika karatasi yoyote ya seti. Pikipiki hii inazalisha umeme wake kwenye koili iliyoko kwenye magneto, na umeme huo ni wa kwenda na kurudi, hauendi njia moja kama wa betri. Globu ya kawaida haijali, huwaka tu, ikififia ukiwa umesimama na kung'aa ukivuta mafuta. LED inajali. Ukiifunga moja kwa moja inatetemeka kama taa ya disko ya harusini, na rilei ya indiketa inachanganyikiwa. Ami alinionyesha kwa vitendo: akaunga indiketa moja, akapiga kiki, tukaiangalia ikirukaruka. "Waiona? Hii yaomba betri."

Ikabidi kununua rektifaya, kifaa cha kuugeuza umeme huo uende njia moja, yenye rigaleta ya kuzuia volti zisipande mno ndani yake, na betri ndogo ya volti 12, saizi ya kushikwa kwa kiganja. Lakini hata hapo kuna mtego. Ncha moja ya koili ya taa kwenye pikipiki hizi imeungwa kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki chenyewe. Ukitaka rektifaya inyonye wimbi zima la umeme, sio nusu, lazima ncha ile ing'olewe kwenye bodi na kupewa waya wake. Ami alifungua kifuniko cha magneto, mafuta ya injini yakamwagika kwenye gunia, akakata ncha ile kwa uangalifu, akatia lehemu waya mpya, akaufunika kwa mpira wa kubana kwa moto, akaupitisha tundu lile lile la waya za zamani. Kwa mikono ile iliyochoka nilidhani atatetemeka. Hakutetemeka. Baada ya hapo honi ikalia kama ya lori, na taa ya breki ikawaka hata injini ikiwa imezimwa.

Jambo jingine: rilei iliyokuja na seti ni ya globu. LED hunywa umeme kidogo mno, rilei ya aina ile hudhani globu imeungua, indiketa zinakwenda mbio kama zinakimbizwa. Ya kielektroniki ni 350. Najiuliza mtu anayeuza indiketa za LED na rilei ya globu katika sanduku moja alikuwa anafikiria nini.

Waya za seti zenyewe ami alizikata zote akazitupa. Nyembamba, na viungio havina kinga. Malindi upepo wa kusi ukivuma, chumvi inaingia kila mahali. Kiungio kisichofunikwa kinakuwa kijani kabla hujamaliza mwezi. Alitumia waya wa gari, akatia lehemu kila kiungo, akapaka grisi. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku tatu. Alitaka 6,500. Nilimpa 7,000 na bado nahisi nimempunja.

Matairi nusura niyasahau. Yaliyokuwamo yalikuwa yameandikwa NHS ubavuni, yaani si ya barabara kuu. Meno marefu, laini, na kwenye lami yanavuma hadi unadhani nyuki wanakufuata. Pia ukikata kona ghafla, meno yanapinda na mgongo wako unajua. Nimeweka ya mchanganyiko, meno mafupi. Kwenye mchanga mlaini wa Mambrui yamenipunguzia starehe, sitadanganya. Na sproketi ya mbele ya mnyororo nimeongeza jino moja, maana ile ya kiwandani ilifanya injini ilie sana ikifika mwendo wa lami.

Sasa karatasi, ambako pesa ziliteketea bila kelele.

Nilianza kwa kosa: nilimaliza taa kwanza, ndipo nikatafuta karatasi. Mzee alikuwa ameziweka ndani ya kopo la biskuti, ya ushuru wa forodha ikiwemo, maana pikipiki aliiingiza mwenyewe mwaka 2001 na hakuwahi kuisajili. Nikampa wakala mmoja mjini 9,000 anishughulikie. Wiki mbili simu inaita. Wiki ya tatu haiiti. Ilipofika wiki ya tano nilikwenda ofisini kwake nikakuta wanauza mitumba. Nikafungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mwenyewe, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili vyombo.

Mfumo ukakataa namba ya chasisi. Ninaandika kama ilivyo kwenye karatasi ya forodha, unakataa. Nikaenda kuisoma kwenye chuma chenyewe, kwenye shingo ya usukani, nikakuta mzee alishapaka rangi nyekundu juu yake mara mbili au tatu kwa mapenzi yake. Asubuhi nzima nilikaa sakafuni na mswaki wa zamani na petroli, nasugua kidogo kidogo, maana nikitumia msasa nitafuta namba na hapo nitaonekana mwizi. Rangi ilipotoka nikaweka karatasi juu na kupitisha penseli ubavu, kama tulivyokuwa tukichora sarafu shuleni. Zikatokea: JH2, mwanzo wa Honda zilizotoka Japani, kisha nyingine hadi zikatimia 17. Na pale karatasi ya forodha ilipokuwa na herufi O, chuma kina sifuri.

Namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17 haina O kamwe. Haina I wala Q pia, zimeachwa makusudi zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo kosa lilikuwa la mtu aliyepiga taipu, siku moja, miaka zaidi ya 20 iliyopita. Kulisahihisha kulinichukua safari mbili za Mombasa na majuma saba. Sitaingia huko, moyo utanienda mbio.

Ukaguzi ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoogopa. Mara ya kwanza nilirudishwa kwa mambo mawili: taa ya mbele ilikuwa imeelekezwa juu mno, na sikuwa na kirudisha mwanga chekundu nyuma. Kirudisha mwanga ni shilingi 100. Mara ya pili mkaguzi alikanyaga breki, akapiga honi, akacheka, akasaini. Bima ya watu wengine (third party) nilikata siku namba ilipotoka, cheti kikaja kwa simu. Na ikiwa leseni yako ni ya gari tu, usijidanganye, daraja B halikuruhusu pikipiki. Mimi nilikuwa na A2, ya pikipiki, tangu zamani.

Ukiniuliza kama ningefanya tena: na hii XR, ndiyo, kwa sababu karatasi zilikuwepo hata kama zilikuwa na kosa. Pikipiki isiyo na karatasi ya forodha nisingeigusa hata ikiuzwa elfu thelathini, maana taa unaweza kununua Maweni lakini karatasi ile huwezi kuitia lehemu. Seti ya taa ninaipa mbili kwa tano, na hizo mbili ni za swichi za breki. Ami ninampa tano, na angekuwa na risiti ningempa sita. Hesabu yote, bila bei ya pikipiki na bila wakala, imepita 38,000.

Juzi nikirudi kutoka Marafa niliangukia mchangani karibu na Mambrui, mwendo wa kobe, mbuzi akinitazama. Indiketa ya kushoto nyuma imevunjika shina. Nilipompelekea ami hakunisalimia hata, aliichukua akaikunja kunja shina la plastiki, akasema niliambiwa toka mwanzo nitafute zenye shina la mpira. Kweli aliniambia. Zinakuja Alhamisi.