Barter Books, Alnwick: stesheni isiyo na treni, ila nenda

Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli. Stesheni iliyofungwa hunitia simanzi hata kabla sijafika mlangoni, na nilikwenda Alnwick, kaskazini kabisa mwa Uingereza, nikiwa nimejiandaa kwa hilo. Barter Books ni duka la vitabu vya mitumba lililomo ndani ya stesheni ya zamani ya mji huo.

Jengo ni la 1887, kazi ya msanifu William Bell wa kampuni ya reli ya North Eastern Railway. Limeuzidi mji kwa ukubwa: mapaa mawili marefu, kwa tawi la reli la maili tatu hivi kutoka Alnmouth! Lakini mji huu ndiko iliko ngome ya Duke wa Northumberland, kabaila mkubwa wa eneo hilo, na wageni wa mtu kama huyo hawashushwi kibandani. Treni za abiria zilikoma Januari 1968. Leo unashukia Alnmouth, unamalizia kwa basi, na maili zile tatu zinauma.

Duka limekuwapo tangu 1991. Bango la vita la 1939 linalowaambia Waingereza watulie na waendelee, ambalo sasa liko kwenye vikombe dunia nzima, lilifufukia hapa: mwaka 2000 mwenye duka alilikuta ndani ya sanduku la vitabu vikuukuu, chini kabisa, mkewe akalitia fremu, wateja wakaanza kuliulizia.

Kilichonishika mimi ni treni ndogo inayozunguka juu ya makabati. Nilisimama chini yake na kitabu mkononi, sikisomi, nangoja irudi. Kwanza unausikia mlio wake mwembamba, tak-tak, kisha kichwa kinachomoza juu ya rafu na mabehewa yanafuata. Mtoto mmoja kando yangu aliipungia mkono. Nami nikaipungia.

Malipo ni pesa au vitabu. Unaleta vyako, wanavikagua, thamani yake inaingia kwenye akaunti yako, unachukua vingine. Nilipeleka vinne, wakapokea vitatu. Cha nne kilikuwa kimelowa, na walikuwa na haki.

Vyumba walimokuwa wakingojea abiria sasa ni mkahawa. Wakati wa baridi moto huwashwa, kwa hiyo wahi kiti cha karibu nao. Mimi nilikipata, nikasoma mpaka basi langu likaniacha.